Sikiliza neno "wangu" katika Romeo na Juliet

Mwanafunzi akiambiwa achambue lugha ya mapenzi katika tamthilia hii ya Shakespeare, hukimbilia roshani, pale Juliet anapomtaka Romeo amkane babake na kulikana jina lake. Simlaumu. Lakini mimi huanzia karamuni, tendo la kwanza, onyesho la tano.

Romeo amevaa kinyago. Tybalt, binamu wa Juliet wa ukoo wa Capulet, anasikia sauti tu na papo hapo anaagiza upanga: huyo ni wa Montague, ukoo hasimu! Kwake sauti ni ukoo. Sisi wa Nairobi hatuhitaji kufafanuliwa hilo. Taja jina lako la mwisho tu, kuna atakayeona ameshakumaliza. Punde Romeo anamshika Juliet mkono, na hakuna anayemuuliza mwenzake jina. Hesabu mistari yao: ni 14, yenye vina. Romeo minne, Juliet minne, kisha wanapokezana mpaka Juliet anaacha kina kikining'inia na Romeo anakidaka, ndipo busu. Aliyezoea malumbano ya washairi wetu ataona tofauti. Huku watu hujibizana wapate mshindi. Wale wawili wanajibizana ili shairi moja litimie. Na utangulizi wa mchezo, ule unaotangaza uhasama na vifo, nao ni mistari 14 vilevile.

Sasa ruka hadi tendo la tatu, onyesho la tano. Juliet, binti ambaye hajafikisha miaka 14, amekataa kuolewa na Paris, mchumba aliyechaguliwa na babake. Babake, mzee Capulet, anamwita mzoga, anasema vidole vinamwasha. Darasa huchangamkia matusi. Mimi huogopa zaidi kauli inayofuata. (Nyerere alitufasiria Juliasi Kaizari na Mabepari wa Venisi, huu hakuufasiri, kwa hiyo tunajifasiria wenyewe.) Capulet anasema hivi: ukiwa wangu, nitakukabidhi kwa rafiki yangu, usipokuwa wangu, nyongwa, omba, ufe njaa barabarani.

Katika "mwanangu", mwana na umiliki vimeshikana, huwezi kuvibandua bila kulivunja neno. Capulet anavibandua. Mwana ameondoka, limebaki "wangu" peke yake, neno ambalo mtu angelitumia hata kwa ng'ombe. Na lina sharti mbele yake: ukiwa. Mama naye anaombwa msaada, anajibu kwamba amemalizana naye.

Kisha kaburini. Watoto wamelala, wamekufa, wazee wamesimama. Capulet anamwita Montague, babake Romeo, "ndugu", neno ambalo halijapita kati yao tangu mwanzo wa mchezo, na kumwomba mkono: huo mkono ndio mahari ya binti yangu, sina zaidi la kudai. Montague anajibu kwamba yeye anaweza kutoa zaidi, atamsimamishia Juliet sanamu ya dhahabu tupu. Capulet hakubali kupitwa: ya Romeo itakuwa na thamani iyo hiyo. Yasome majibizano hayo kwa sauti, uniambie kama hukusikia wazee wakipandishiana dau.