Kopo la maziwa "ya tahadhari" si lazima liwe begini

Wajawazito wengi huambiwa wasiende kujifungua bila chupa na kopo la maziwa ya unga, eti siku za mwanzo mama hana maziwa. Anayo. Ni dang'a, mazito na ya manjano, na huanza kutengenezwa tangu ujauzito. Hutoka matone machache tu, mengine yakiishia kung'ang'ania kwenye chuchu, na hapo ndipo ndugu hushtuka. Lakini tumbo la mtoto wa siku moja ni dogo mno: takriban kijiko kimoja cha chai kwa kila mnyonyo kinamtosha.

Maziwa mengi hujaa kati ya siku ya 2 na ya 5, na huchochewa na kunyonya kwenyewe, mara 8 hadi 12 kwa siku. Mtoto akishibishwa chupa hulala, titi halinyonywi, maziwa yanachelewa, kisha mama anaambiwa, "Si tulikwambia?" Inaniuma sana, kwa sababu mwili wake haukuwa na kosa lolote.

Andaa sidiria ya kunyonyeshea, kikombe kidogo cha kukamulia (huoshwa kirahisi kuliko chupa) na nepi za kutosha. Nepi ndizo shahidi: kuanzia siku ya 6, sita au zaidi zilizolowa ndani ya saa 24 zinaonyesha anapata maziwa.

Wapo wanaohitaji maziwa ya unga kwa sababu za kiafya. Hao wapange na mkunga mapema. Unga huo hauji bila vijidudu, hivyo maji ya kuukorogea yachemshwe na yasipoe chini ya nyuzi 70 za Selsiasi. Maziwa ndiyo yapozwe kabla ya kumpa mtoto.