Je, wajua kwa nini mpiga gitaa wa Count Basie, mpiga piano na kiongozi wa bendi ya jazz wa Marekani, huonekana lakini hasikiki?

Mwaka 1963 Count Basie na bendi yake walialikwa kwenye kipindi cha mwimbaji Judy Garland, televisheni ya CBS, Marekani. Itazame picha hiyo isiyo na rangi, wapite wa tarumbeta na saksafoni, uende upande wa drams. Kuna bwana ameketi, gitaa lake kubwa kalilaza hadi karibu linatazama dari. Mkono wa kulia unashuka, unashuka, unashuka. Gitaa lenyewe husikii.

Mimi nilishamwambia mtu, tena kwa kujiamini, kwamba yule ni pambo tu: ama fundi mitambo kasahau kumwekea maikrofoni, ama waya wa amplifaya umechomoka. Nilikosea mara mbili. Waya wa kuchomoka haukuwepo, kwa kuwa gitaa halikuwa la umeme. Na bwana mwenyewe ni Freddie Green, aliyeingia kwa Basie mwaka 1937 akakaa karibu miaka 50, hadi alipofariki mwaka 1987. Pambo halikai hivyo. Kosa langu nadhani lilianzia nyumbani: tumelelewa na gitaa la solo la muziki wa dansi, linalopanda juu ya kila kitu, tukamsahau yule wa rithm aliyesimama nyuma. Tena bendi zetu nyingi zilijiita Jazz, Morogoro Jazz ikiwemo, kwa hiyo niliamini najua jazz ni nini.

Sasa, sauti inakwenda wapi? Fikiria wanawake watatu, kila mmoja na kinu chake, wanatwanga. Michi ikishuka sawia husikii vishindo vitatu, unasikia kimoja kinene. Kwa Basie, besi inaleta uzito, matoazi yanaleta mng'ao, na gitaa linaleta ule ukali wa mwanzo, pale mchi unapogusa nafaka. Mapigo manne, tena manne, usiku kucha. Sikio halitenganishi, linajumlisha. Kinu kimoja kikinyamaza ndipo unajua kilikuwepo.

Green aliinua nyuzi mbali na shingo ya gitaa, ngumu kweli kubonyeza, ili azichape kwa nguvu bila kukwaruza. Waliochambua rekodi zake wanasema mara nyingi vidole vilishika nota tatu lakini iliyolia sawasawa ni moja. Hapo twende taratibu: rekodi za zamani hazionyeshi wazi alichopiga na kilichofika kwenye maikrofoni. Inasimuliwa pia kwamba aliwahi kuja na amplifaya, wenzake wakaihujumu makusudi. Kila msimulizi ana toleo lake.

Ukitaka kumnasa, tazama mkono wa kushoto. Baada ya kila pigo vidole vinalegea kidogo bila kuachia nyuzi, na sauti inakatika hapo hapo, kabla drams hazijamaliza zake.