Modemu ya 56k haikushusha kilobaiti 56

Pita Darajani, kwenye maduka ya kompyuta, hutakosa mtu wa kukuapia kwamba modemu za simu za zamani, vile vifaa vya kuunga kompyuta na intaneti kwa laini ya simu, zikishusha kilobaiti 56 kwa sekunde. Hazikufika huko hata karibu. Ile 56k ni kilobiti, yaani biti 56,000, na baiti moja ina biti 8. Ukigawa unapata baiti 7,000, sawa na kilobaiti 7. Wimbo wa megabaiti 4 ulichukua kama dakika tisa na nusu, na hapo laini ya simu iwe safi kabisa, jambo la nadra. Kupandisha faili ndiyo usiseme: V.90, kanuni ya kiufundi ya modemu hizo ya mwaka 1998, iliishia kilobiti 33.6, kama kilobaiti 4.2 tu.

Kuna na baudi, ambayo wengi huichukulia kuwa ndiyo biti. Baudi huhesabu ishara inabadilika mara ngapi kwa sekunde, na badiliko moja laweza kubeba biti kadhaa. Modemu ya V.22bis, kanuni ya zamani zaidi, ya biti 2,400 kwa sekunde, ilikuwa na baudi 600. Kila badiliko lilibeba biti 4. Kwenye zile kongwe za biti 300 namba mbili hizo zililingana, na nadhani mazoea yalianzia hapo.

Kwa hiyo mtu wa Chake Chake aliyelipia "mega 20", yaani megabiti 20 kwa sekunde, akaona faili linashuka kwa megabaiti 2.5 hajapunjwa. Atazame herufi tu: b ndogo ni biti, B kubwa ni baiti.