Je, wajua kwa nini wasomaji walituma maoni yao gazetini kwa mashairi?

Kwa miaka mingi niliamini ukurasa wa mashairi katika magazeti ya Kiswahili ni pambo, mahali pa kupumzisha macho baada ya habari nzito. Nikadhani pia waandikaji ni mabingwa watupu. Nilikosea yote mawili. Soma beti zenyewe: huyu analalamikia bei ya vyakula, yule anabishania mahari, mwingine ametoa fumbo na anasubiri jibu. Hao ni wasomaji wenye neno la kusema, leo kuhusu hili, kesho lile. Shaaban Robert, ambaye mashairi yake yalitoka katika Mambo Leo, gazeti la serikali ya kikoloni lililoanza hapa Dar es Salaam mwaka 1923, alikuwa mtumishi wa forodha.

Sasa kwa nini mtu asiandike barua tu? Wengi waliandika barua. Lakini shairi lina kitu ambacho barua haina: mizani, yaani hesabu ya silabi katika kila mshororo, kila mstari wa shairi.

Chukua mshororo kama daladala yenye siti 16, 8 mbele na 8 nyuma. Kila silabi inakaa siti yake, haipakatwi wala haisimami. Kiswahili kinakubali hesabu hii kwa urahisi, kwa sababu silabi zake karibu zote huishia kwa irabu na unazisikia moja moja. Angalia tu M na N: “mtu” ni siti mbili, m-tu, maana M ina siti yake, ila “ndege” nayo ni mbili, nde-ge, maana N inakaa pamoja na silabi inayofuata. Nilipojaribu kutunga nilianza na “Mhariri nipe nafasi”. Hesabu: m-ha-ri-ri-ni-pe-na-fa-si. Tisa! Abiria mmoja kasimama. Nikaandika:

Mhariri nakuomba, nipe nafasi niseme.

Nane kwa nane. Kina, yaani silabi ya mwisho inayolingana, cha kati ni -mba, cha mwisho -me, na mishororo inayofuata katika ubeti iishie hapo hapo, ila wa mwisho unaweza kuwa na vina vyake. Sikio likishazoea, linajua neno linakoelekea kabla halijafika. Ndiyo maana mtu mmoja akisoma gazeti kwa sauti kijiweni, waliokaa na vikombe vya kahawa wanaweza kuondoka na ubeti mzima kichwani. Jaribu kukariri barua ya malalamiko namna hiyo.

Nadhani hapo ndipo ilipo sababu kubwa, ingawa heshima ya ushairi nayo ilichangia: pwani watu walijibizana kwa beti zamani sana kabla ya magazeti, na Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki 1840, anakumbukwa kwa hilo. Gazeti lilirefusha tu baraza. Hoja ikishakaa kichwani, inajibika. Mpinzani angeweza kuchukua bahari ile ile, yaani aina ile ile ya shairi, na vina vile vile akakurudishia hoja yako, na wasomaji wakapima nani kaishiwa.

Kanuni hizo Kaluta Amri Abedi alizikusanya katika kitabu cha 1954, Sheria za Kutunga Mashairi. Mtunzi huyo baadaye akawa meya wa kwanza Mwafrika wa Dar es Salaam, kisha waziri wa sheria.

Na chini ya shairi mtunzi aliweka jina lake, mara nyingi la kujipachika, pamoja na mji au sanduku la posta. Anayetaka kubisha ajue pa kumpata.