Kontena lako na meli za kijivu: maelezo kwa wafanyabiashara wa Lubumbashi

Malalamiko yameongezeka kwenye ofisi yetu. Mtu ana kontena linalopitia Dar es Salaam au Durban, anasikia meli imesimamishwa na wanajeshi baharini, anakuja kudai tumwandikie barua jeshi la nchi ya watu limlipe. Mwingine anatuonyesha picha kwenye simu: meli ya kijivu isiyo na mzinga hata mmoja, anaapa kwamba ni ya maharamia. Uchungu wa mtu aliyekopa ili aagize mali tunauelewa. Ila tusikilizane.

Kifungu cha 29 cha Mkataba wa Sheria ya Bahari wa 1982 kinaitambua manowari kwa mambo manne: ni ya jeshi la nchi, ina alama za nje za taifa lake, inaongozwa na afisa aliyeteuliwa na serikali na kuandikwa kwenye orodha ya maafisa, na mabaharia wake wako chini ya nidhamu ya kijeshi. Rangi haimo, wala mizinga.

Meli nyingi zinazolihudumia jeshi la majini huendeshwa na raia. Uingereza inayo Royal Fleet Auxiliary tangu 1905, yenye meli za mafuta na shehena. Mercy na Comfort za Marekani zilikuwa meli za kubebea mafuta, zikageuzwa hospitali zenye vitanda 1,000 kila moja. Bila meli ya mafuta karibu, frigeti, yaani manowari ya ukubwa wa kati, hairandi mbali na bandari kwa muda mrefu. Meli hizo mbili huenda sambamba, mwendo mmoja, zikiachana makumi machache ya mita, bomba la mafuta likining'inia juu ya maji kati yao. Mchana hutundika maumbo matatu meusi wima, tufe, almasi, tufe. Usiku taa nyekundu, nyeupe, nyekundu. Nahodha wa meli ya mizigo akiziona hupisha. Akiona taa tatu za kijani za meli inayosafisha mabomu ya majini, hasogei ndani ya mita 1,000. Kwa hiyo meli yako ikizunguka na kuchelewa kidogo, usiite hiyo hujuma.

Sisi wa Katanga ndio hasa tusingepaswa kushangaa. Mwaka 1915 Waingereza walipitisha boti mbili za kivita, Mimi na Toutou, hapa hapa mjini, wakati huo Elisabethville, juu ya gari la moshi hadi Fungurume. Kutoka hapo zilivutwa na matrekta ya mvuke na ng'ombe kuvuka milima ya Mitumba, na maji ya boila yalipokwisha, wanawake wa vijiji waliyabeba vichwani. Desemba 26 mwaka huo zikaiteka Kingani, boti ya kivita ya Wajerumani, kwenye ziwa Tanganyika. Vitabu husifu makamanda; waliobeba maji hawatajwi kwa majina.

Sasa ukaguzi. Kwenye bahari kuu manowari haisimamishi meli ya kigeni kwa kujisikia. Kifungu cha 110 cha Mkataba huo kinataka shaka ya msingi: uharamia, biashara ya watumwa, utangazaji wa redio au televisheni usio na kibali, meli isiyo na utaifa, au meli ya taifa lile lile la manowari hiyo inayopeperusha bendera ya kigeni au kukataa kuonyesha yake. Hutumwa boti yenye afisa, nyaraka hukaguliwa kwanza, na shaka ikibaki ndipo meli yenyewe hupekuliwa. Shaka ikikosa msingi, na meli haikufanya kosa lililoileta, meli hulipwa hasara.

Meli, narudia. Si wewe moja kwa moja, na si kupitia dirisha letu. Mwenye mzigo aanze kwa wakala wake wa meli na bima, akiwa na hati ya shehena, ankara na tarehe ya kufika iliyoandikwa. Mwenye meli ndiye anayelifikisha dai kwa nchi ya bendera, yaani nchi ambako meli imesajiliwa. Kama huna bima ya baharini, wakala atakusikiliza tu, na sisi vilevile. Picha za WhatsApp hatuzipokei kama ushahidi, hata zikiwa na mduara mwekundu.