Dawa Inapofika Kwenye Udongo wa Msitu

Miche ya misonobari iliyooteshwa katika kitalu ambacho udongo wake umefukizwa kwa dawa kali huweza kudumaa na majani yake kugeuka rangi ya zambarau, ilhali udongo huo hauna magugu wala vimelea vya magonjwa, na fosforasi imo. Kinachokosekana ni mikoriza, yaani kuvu inayoishi pamoja na mizizi, ambayo nyuzi zake nyembamba hupenya mahali mizizi isipofika na kuuletea mche fosforasi, nao mche huilipa kuvu hiyo kwa sukari. Dawa iliyoua vimelea imeiua na kuvu hiyo. Wengi wakiona hali hii hukimbilia kuongeza mbolea, ingawa mche haukukosa chakula. Umemkosa wa kuuletea.

Msitu wa asili haungoji mbolea ya mfukoni. Hula majani, matawi na mizizi yake yenyewe baada ya kuvu na bakteria kuviozesha na kuachilia nitrojeni, kalsiamu na potasiamu vilivyomo, kwa hiyo dawa yoyote inayogusa viumbe hao, au inayogusa mimea inayowategemea, hugusa chakula cha msitu mzima. Hapa inafaa tuwe waangalifu tusizidishe hofu. Glifosati, kwa mfano, ambayo ni dawa ya kuua magugu, hushikamana na chembe za udongo, baadhi ya bakteria huivunjavunja, na kwa viwango vya kawaida vya kunyunyizia mara nyingi athari yake ya moja kwa moja kwa vijidudu huwa ndogo na ya muda. Athari kubwa zaidi hupitia kwa mimea iliyokufa.

Jambo hilo lilidhihirika katika msitu wa majaribio wa Hubbard Brook, jimbo la New Hampshire nchini Marekani. Mwishoni mwa 1965 watafiti walikata miti yote ya bonde moja dogo na kuiacha palepale ilipoangukia, kisha wakanyunyizia viuagugu kwa miaka 3 mfululizo ili pasichipue kitu. Hakuna gogo lililoburutwa, hakuna barabara iliyochimbwa. Hata hivyo kiasi cha nitrati, yaani nitrojeni katika umbo linaloyeyuka majini, katika kijito kilipanda hadi kuvuka kiwango kinachokubalika kwa maji ya kunywa, na mwani ukastawi majini. Bakteria walikuwa wakiendelea na kazi yao ya kugeuza amonia kuwa nitrati, lakini haikuwapo mizizi ya kuipokea. Nitrati haishikwi vizuri na udongo. Huteremka na maji, na haiendi peke yake, kwa kuwa tindikali inayotokea wakati wa kuitengeneza hung'oa kalsiamu na potasiamu kutoka kwenye chembe za udongo, navyo vikasombwa pia.

Mahali hapohapo palitupa funzo la pili, ambalo kwangu ni zito zaidi kwa sababu nia ilikuwa kutibu. Mnamo Oktoba 1999 helikopta ilisambaza madini ya kalsiamu silikati juu ya bonde jingine ili kurudisha kalsiamu iliyoondolewa na mvua ya tindikali kwa miongo mingi. Miti ilinufaika, hasa ile iitwayo maple kwa Kiingereza. Lakini kadiri tindikali ilivyopungua, uozaji uliongezeka, tabaka la mboji likapungua, na takriban muongo mmoja baadaye kijito kikaanza kubeba nitrati nyingi kuliko zamani. Anayepima mwaka wa kwanza na wa pili tu angeandika kwamba tiba imefaulu bila dosari.

Mbolea ya nitrojeni nayo huleta mabadiliko yasiyotarajiwa: mti ulioshiba hupunguza sukari unayoipa mikoriza, na kuvu zinazoozesha sehemu ngumu za mbao hupunguza kasi. Viuakuvu vya shaba vina tatizo la aina nyingine, kwani shaba haiozi, hujilimbikiza katika tabaka la juu kila mnyunyizo unaporudiwa.

Kwa hiyo tunawasihi wasimamizi wa misitu wapime udongo kabla ya kuamua kunyunyizia, waache vipande visivyoguswa vya kulinganishia, na wabakize mimea kando ya vijito ili mizizi yake inase nitrati njiani. Sampuli za maji ya kijito zichukuliwe kabla ya dawa na katika kila msimu wa mvua baada yake, kwa miaka isiyopungua 10 pale inapowezekana.