Je, Wajua? Bustani Iliyojaa Maua Yaweza Kuwalaza Ndege Njaa

Kipepeo aliyekomaa hana makuu: karibu ua lolote lenye nekta anayoweza kuifikia humtosha. Kiwavi, yaani mtoto wake, ni mteuzi kupita kiasi. Yeye hula majani, na mara nyingi ni majani ya mmea mmoja au ya jamii chache tu za mimea. Mweke juu ya jani jingine, hata liwe laini namna gani, atakufa njaa akiwa amelikalia. Hapo ndipo lilipo jibu la swali linalowasumbua watunza bustani wengi: kwa nini bustani inayochanua mwaka mzima haina vipepeo wanaozaliana wala ndege wanaojenga viota?

Chanzo ni kemikali zilizomo kwenye majani. Mmea hauwezi kumkimbia anayeutafuna, kwa hiyo hujikinga kwa sumu, uchungu, utomvu unaonata au nyuzi ngumu. Wadudu walioishi na mmea huo kwa vizazi na vizazi wamepata njia ya kuipita kinga hiyo, lakini kila aina imebobea kwenye kinga ya mimea michache na kuishia hapo. Mwaka 1964 wanasayansi Paul Ehrlich na Peter Raven walilieleza jambo hili kwa kulinganisha vipepeo na mimea inayoliwa na viwavi wao: vipepeo wenye undugu walionekana kung'ang'ania mimea yenye kemikali zinazofanana. Mfano maarufu ni Danaus plexippus, kipepeo wa Amerika aitwaye monaki. Viwavi wake hula mimea ya Asclepias na jamaa zake wa karibu, yenye utomvu mweupe wa sumu inayovuruga moyo. Kiwavi hadhuriki. Huihifadhi sumu hiyo mwilini, na ndege anayethubutu kumla huweza kutapika.

Mmea ulioletwa kutoka bara jingine huja na kinga ambayo wadudu wa mahali ulipopandwa hawajapata kuizoea. Ndiyo maana hauliwi. Kwenye kitalu, "hausumbuliwi na wadudu" ni sifa ya kuuzia mche. Kwa ndege ni sahani tupu. Buddleja davidii, kichaka chenye asili ya China, hujaza vipepeo kwenye maua yake huko Ulaya, lakini wanaokula majani yake ni wachache mno. Lantana camara kutoka Amerika ya tropiki ina ubaya zaidi: ndege hula matunda yake na kusambaza mbegu, na leo ni mmea vamizi Afrika, Asia na Australia.

Hata hivyo usikimbilie kung'oa kila mgeni. Pale mmea wa kigeni unapokuwa ndugu wa karibu wa mimea ya asili, wadudu huweza kuvuka. Kipepeo wa Afrika Papilio demodocus hutaga bila shida kwenye michungwa na milimau, miti yenye asili ya Asia, kwa sababu ni ya jamii moja na mimea aliyoila tangu zamani. Linalohitaji kung'olewa bila huruma ni vamizi.

Na ndege je? Wengi wao, hata wale wanaokula mbegu au matunda wakiwa wakubwa, hulisha makinda wadudu. Hata chozi, anayejulikana kwa kufyonza nekta, huwapelekea makinda wadudu wadogo na buibui. Kiwavi ni chakula kinachofaa mno: laini, kimejaa protini na mafuta. Huko Marekani imekadiriwa kwamba chickadee, ndege mdogo sana, huhitaji viwavi kati ya 6,000 na 9,000 kulea makinda wa kiota kimoja mpaka waruke. Utafiti uliochapishwa mwaka 2018, uliofanywa kwenye bustani za nyumbani eneo la Washington, D.C., ulionyesha kuwa pale miti na vichaka vya asili vilipopungua chini ya asilimia 70, ndege hao hawakuzaa vya kutosha kufidia waliokufa. Kwa hiyo asilimia 30 ya mimea upendayo tu kwa uzuri wake si dhambi.

Anayetaka bustani ya viumbe basi huchagua majani kwanza, maua baadaye. Tembelea eneo la karibu ambalo halijalimwa wala kujengwa, lenye udongo na mwanga unaofanana na wako. Angalia kinachoota chenyewe na ni majani yapi yametobolewa. Thibitisha kwa orodha ya mimea ya eneo lako, na utumie jina la kisayansi unapoagiza, kwani majina ya kawaida huchanganya mmea mmoja na mwingine. Kama nafasi ipo, anza na mti mmoja au kichaka kikubwa kabla ya tuta la maua. Mti hubeba majani mengi kuliko matuta kadhaa, na baadhi ya jenasi (makundi ya mimea yenye undugu wa karibu) hulisha kuliko nyingine kwa mbali. Mashariki mwa Marekani mialoni hulisha viwavi wa aina zaidi ya 500, wakati mti wa ginkgo kutoka China husimama pale pale bila kulisha karibu yeyote.

Chini ya mti weka vichaka, chini ya vichaka mimea midogo. Mimea ya aina moja ipandwe mitano hadi saba pamoja, fungu lenye upana wa kama mita moja, kwa sababu nyuki akitoka kutafuta chakula hupenda kushikilia ua la aina moja. Mmea mmoja mmoja uliotawanyika hupitwa. Panga maua yapokezane ili pasiwe na mwezi usio na ua. Epuka maua ya petali nyingi zilizosongamana: mara nyingi stameni zake, yaani sehemu zinazotoa chavua, zimegeuzwa petali, hivyo chavua ni kidogo au hakuna, na nekta haifikiki.

Kabla ya kununua mche, uliza ulipuliziwa au kumwagiwa nini. Viuatilifu vya kundi la neonikotinoidi hunyonywa na mizizi na kufika hadi kwenye chavua na nekta. Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku matumizi ya vitatu kati yao nje ya vyumba vya kuoteshea mwaka 2018. Mche wa asili uliolowekwa dawa hiyo huua kiwavi yule yule uliyemkusudia. Usichimbe miche porini. Chukua mbegu kwa ruhusa, zisizidi sehemu moja ya kumi ya zilizopo. Mbegu zenye ganda gumu, kama za migunga mingi, zimwagie maji yaliyotoka tu kuchemka, ziache humo saa 24, kisha panda zilizovimba. Ambazo hazikuvimba zirudie.

Kuua nyasi za bustani si lazima utumie dawa. Zikate chini kabisa, zimwagie maji, zifunike kwa maboksi yasiyo na utepe wala rangi ya kung'aa, kila kipande kikipanda juu ya kingine kwa sentimita 15. Lowesha tena, kisha weka sentimita 10 za vipande vya mbao au majani makavu. Baada ya miezi michache nyasi nyingi huwa zimekufa. Zile zinazotambaa kwa mizizi ya chini kwa chini hutokeza pembeni, na hapo hakuna njia ya mkato zaidi ya kuzing'oa.

Shimo la mche liwe na upana mara mbili au tatu ya bonge la mizizi, lakini kina kisizidi cha bonge lenyewe. Shina likizikwa, gome huoza, na mti huweza kufa miaka kadhaa baadaye bila mtu kujua kwa nini. Rudisha udongo ule ule uliochimbwa. Kujaza mbolea shimoni ni kosa la kawaida: mimea mingi ya asili imezoea udongo hafifu, na nitrojeni nyingi huirefusha ikaanguka huku ikinenepesha magugu. Matandazo, yaani majani makavu au vipande vya mbao vya kufunika udongo, yawe ya sentimita 5 hadi 8 na yasiguse shina. Mwagilia kwa kina na kwa nafasi. Maji kidogo ya kila siku hufundisha mizizi kukaa juu. Mche wa asili nao huhitaji maji katika misimu ya kwanza ya kiangazi. Wengi huacha kuumwagilia baada ya kuambiwa kwamba "unajitegemea", kumbe hujitegemea ukishazamisha mizizi.

Sasa jambo linalosahaulika kuliko yote: mahali pa kulala na kukulia. Kiasi cha asilimia 70 ya aina za nyuki duniani hawakai mizingani, bali huchimba vishimo ardhini. Bustani iliyotandazwa matandazo kila kona huwafungia mlango, kwa hiyo acha sehemu ya udongo mtupu, mkavu, inayopigwa jua. Wengine hutaga ndani ya mashina yenye uwazi. Unapopogoa mimea iliyokauka, acha visiki vya sentimita 20 hadi 60 vikiwa vimesimama. Viwavi wengi wa nondo nao, wakishashiba, hushuka kutoka mtini na kugeuka pupa (hatua ya kutulia kabla ya kuota mabawa) ndani ya majani yaliyoanguka au udongo laini. Wakiangukia zege au nyasi zilizoshindiliwa, kazi yote ya mti ule imepotea. Majani yaliyoanguka yakae chini ya mti, na anayeyachoma anachoma vipepeo wa msimu ujao.

Maji ni rahisi: chombo cha kina cha sentimita 2 au 3 chenye mawe ya kutua, kisafishwe kila baada ya siku mbili ili mbu wasipate muda wa kukua. Taa za nje zizimwe usiku au ziwe za kuwaka mtu anapopita, zenye mwanga wa rangi ya kaharabu (manjano iliyokolea), maana nondo huzizunguka hadi kuchoka.

Mwaka wa kwanza vidukari, wadudu wadogo wanaofyonza utomvu, huenda wakafunika vichipukizi, na mkono ukawashwa kuitafuta bomba ya dawa. Subiri. Vidukari huzaana haraka kuliko wanaowawinda, kwa hiyo bibi-kibibi, nzi wa maua na ndege hufika wakiwa wamechelewa. Ukipulizia unawaua na hao, na vidukari hurudi wakiwa wa kwanza. Mche mdogo ukielemewa, waondoe kwa maji ya mpira au kwa vidole. Majani yaliyotobolewa yaache: mmea wenye afya huvumilia kupoteza sehemu ya majani yake na kuchipua tena.